Yule jambazi anayetupiga risasi kwenye The Great Train Robbery: yuko mwanzo au mwisho?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nimeangalia The Great Train Robbery ya 1903 kwenye simu. Majambazi wote wanauawa porini, najua picha imeisha, mara anatokea mmoja wao kajaa skrini nzima, anatunyooshea bastola sisi watazamaji na kuanza kufyatua. Nikatafuta kopi nyingine, huyohuyo yupo mwanzoni kabla hata hadithi haijaanza! Ipi ndo original? Na ni kweli watu walitoka mbio ukumbini? Halafu kopi moja ina dakika 12 nyingine 8 na kitu, wamekata nini? Mwisho, ni kweli hii ndo picha ya kwanza ya makauboi?"

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kuangalia kopi mbili, wengi wanaona moja wanafunga wanaenda zao. Jibu la swali la kwanza ni kwamba zote mbili ni original. Kampuni ya Edison, ndo iliyoitengeneza, ilipoanza kuiuza hii picha Desemba 1903 iliandika kwenye katalogi yake kabisa kwamba kile kipande cha jambazi anayefyatua kinaweza kuwekwa mwanzo au kuwekwa mwisho, mnunuzi achague mwenyewe. Kwa iyo ukiuliza aliyeitengeneza alitaka kiwe wapi, yeye aliliacha hilo kwa mtu wa projekta.

Najua inasikika ajabu, maana sisi tumezoea kwamba muvi ikitoka imetoka, kila ukumbi unaonyesha kitu kilekile. Mwaka 1903 biashara haikuwa hivo. Majumba ya sinema yale ya senti tano yalianza kuenea Marekani 1905, kuanzia Pittsburgh, kabla ya hapo picha zilionyeshwa kwenye kumbi za maigizo na muziki katikati ya waimbaji na wanasarakasi, kwenye maonyesho ya kusafiri, kwenye zile nyumba za maajabu ambako mtu analipa senti kumi anaingia kuona vituko. Hii yenyewe New York ilianzia Huber's Museum, na hiyo ilikuwa nyumba ya maajabu hasa. Na mkanda ulikuwa unauzwa kwa futi, kama unavyopimiwa kitambaa dukani! Huu ulikuwa na futi 740, bei dola 111, piga hesabu utapata senti 15 kwa futi. Ukishalipa ni mali yako, unaufanya unavyotaka, unaukata, unauunga na mwingine, unaupaka rangi. Kuna kopi ambazo zimepakwa rangi kwa mkono fremu kwa fremu, ukiipata ya hivo utaona moshi wa bunduki una rangi na magauni ya wanawake kwenye ile sehemu ya dansi yana rangi, vilivyobaki vingi vimeachwa kama vilivyo. Itafute, inapendeza mno, na fikiria mtu amekaa na brashi ndogo anapaka kipicha kisichozidi ukubwa wa stempu, maelfu yake.

Hapohapo nijibu na la dakika, maana linaingiliana. Hakuna aliyekata kitu. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16 kwenye kila futi moja, kwa hiyo futi 740 ni kama fremu 11,840. Enzi hizo kamera inazungushwa kwa mkono na projekta nyingi vilevile, kasi inategemea mkono wa mtu, lakini ukichukua fremu 16 kwa sekunde unapata dakika 12 na sekunde 20. Baadaye sinema ya sauti ikaja na kasi yake ya fremu 24 kwa sekunde, mkanda uleule ukiupitisha kwenye mashine hiyo unaisha kwa dakika 8 na sekunde chache. Ndo maana kwenye kopi yako fupi watu wanatembea kama wameingiwa na siafu kwenye suruali. Wale waigizaji hawakutembea hivo, wamekimbizwa na mashine. Mi hili linaniuma kwa kweli, watu wamekua wakiamini sinema ya bubu ni watu wa kurukaruka tu na kuchekesha, kumbe ukiirudisha kwenye kasi yake unakuta mtu anakufa taratibu, mikono inapapasa, unasikitika naye. Angalia ya dakika 12, ile nyingine iache.

Sasa turudi kwa jambazi wetu, maana hapo ndo pana utamu.

Aliyeitengeneza anaitwa Edwin S. Porter, kazaliwa 1870 mji wa Connellsville jimbo la Pennsylvania. Na kabla hajashika kamera ya Edison alikuwa mtu wa projekta. Miaka ya mwisho ya 1890 alikuwa anaonyesha picha Eden Musée pale New York, na kazi ya mtu wa projekta wakati huo ilikuwa kubwa kuliko kuzungusha mkono, unapewa vipande vya dakika moja moja vilivyonunuliwa huku na kule, wewe unavipanga, hiki kwanza, hiki kifuate, hapa weka meli, hapa weka askari wanaandamana, mpaka inakuwa hadithi. Yaani ile kazi tunayoiita leo kuediti, wakati ule aliyekuwa anaifanya ni mtu wa ukumbini. Porter ametoka humo. Kwa hiyo alipofika upande wa pili, upande wa kutengeneza, aliwaachia wenzake kipande kimoja mkononi wakiweke wanapoona panafaa kwa watu wao. Mi naisoma hivo, na kadiri ninavyoiangalia ndo naamini zaidi.

We wa Morogoro hili hulishangai ukilifikiria vizuri. Kwenye kibanda umiza, ukiangalia picha iliyotafsiriwa na Lufufu, au Kenya iliyopigwa na DJ Afro, picha ni ya Wachina au Wamarekani lakini uliyoiona wewe ni ya DJ, yeye ndo anakwambia nani steringi, nani adui, hapa acheke, hapa amtukane mtu, na kuna watu mpaka leo ukiwaonyesha ileile bila DJ wanasema hii sio yenyewe. Huko Marekani nako kulikuwa na mtu wa kusimama pembeni ya skrini akiwaeleza watu kinachoendelea. Na hii picha ilihitaji kueleweka kwa macho au kwa huyo msimulizi, maana ndani yake hakuna maandishi hata mstari mmoja, hakuna yale mabango meusi ya kueleza, ukiona kopi yenye maandishi katikati ujue kuna mtu ameyaongeza baadaye.

Turudi kwenye picha yenyewe, na niipitie haraka kwa ambao hawajaiona. Majambazi wanamvamia karani wa telegrafu kwenye stesheni, wanamlazimisha asimamishe treni, wanampiga na kumfunga kamba. Treni inaposimama kuchukua maji wanaidandia. Mlinzi wa behewa la mizigo anafunga sanduku la thamani na kuutupa ufunguo nje, anapigana nao, anauawa, sanduku linalipuliwa kwa baruti. Juu ya kichwa cha treni kinachokwenda wanapigana na mtu mwingine, anapondwa kwa bonge la makaa na kutupwa chini. Abiria wote wanashushwa mikono juu, mmoja anajaribu kukimbia anapigwa risasi ya mgongo. Wanatoroka na kichwa cha treni, wanakiacha, wanaingia porini kwenye farasi zao. Ndo tunarudi stesheni, binti mdogo anakuta karani kafungwa, anamfungua, huyo anakimbilia kwenye ukumbi wa dansi kuita watu, wanawafukuza majambazi na kuwaua wote. Halafu, au kabla ya yote, yule anayetupiga sisi.

Umeona kitu? Hakuna steringi! Tafuta na tochi hutampata. Sherifu na watu wake huwajui, karani huna hata muda naye, majambazi huwezi kuwatofautisha, kwa sababu kamera imekaa mbali muda wote, unawaona watu kuanzia kofia mpaka viatu kama umekaa siti ya katikati kwenye ukumbi wa maigizo. Dakika 12 nzima unaona watu wengi sana wanafanya mambo na huoni uso wa mtu. Isipokuwa huyo mmoja. Kiunoni kwenda juu, sharubu, kofia, kitambaa shingoni, anakuangalia wewe machoni. Mwigizaji anaitwa Justus D. Barnes, na katalogi inamtaja kama kiongozi wa majambazi.

Na kiongozi wa majambazi kashakufa. Hapo ndo pananishika kila nikiiangalia, zaidi ya miaka ishirini sasa. Kama kopi yako ina kipande mwishoni, tumetoka kuona majambazi wote wamelala chini porini na mifuko ya barua imetawanyika, sheria imeshinda, watu washavuta pumzi, na ghafla marehemu anasimama mbele yako, hana pori nyuma yake, hana treni, hayuko mahali popote kwenye hadithi, na anakupiga risasi wewe uliyelipa kiingilio. Ukikiweka mwanzo kinakuwa kitu kingine kabisa, kinakuwa onyo, huyu hapa ndo mtu utakayekutana naye, kaa sawa, na ukishamwona unaanza kumtafuta kwenye kila tukio, yupi ni yeye. Vipande vilevile, mpangilio tofauti, na moyo wa mtazamaji unakwenda njia tofauti. Nafundisha vijana kuediti, na sijawahi kupata mfano ulio wazi zaidi ya huu wa kuwaelewesha kazi yetu ni nini. Kama umeona Goodfellas ya Martin Scorsese ya 1990, kumbuka mwishoni Joe Pesci anavyosimama na kufyatua bastola kuelekea kwetu, na yule naye kwenye hadithi alishauawa muda mrefu. Hiyo ni salamu kutoka 1990 kwenda 1903.

Kloz-apu yenyewe, yaani kumpiga mtu kwa karibu mpaka uso ujae skrini, haikuwa mpya, usije ukadanganywa kwamba ni ya kwanza duniani. Kampuni hiyohiyo ya Edison 1896 ilishatoa kipande cha mwanamke na mwanamume wanabusiana, nyuso zimejaa skrini. Kilichokuwa hakijazoeleka ni kuupeleka uso kwenye hadithi, na ukiangalia vizuri hata Porter hakuuingiza ndani, aliuacha mlangoni. Alijua ana kitu cha nguvu, akakiacha nje ya stori yake.

Je walikimbia? Mi siamini. Hadithi ya watu kukimbia skrini ni ya zamani, inasimuliwa hasa kuhusu ile picha ya treni inayoingia stesheni, ya ndugu wawili akina Lumière kule Ufaransa, na wanahistoria wengi wa sinema wanaiona ni hadithi iliyokuzwa. New York walianza kuona picha kwenye skrini kubwa Aprili 1896, ukumbi wa Koster and Bial's, kwa hiyo huyu mtazamaji wa Desemba 1903 ana zaidi ya miaka saba anaangalia mawimbi yanamjia na treni zinamjia na bado yuko hai. Alijua ni picha. Kushtuka alishtuka, wanawake kwa wanaume walipiga kelele nadhani kama tunavyopiga sisi kwenye picha za kutisha, na katalogi yenyewe ilikuwa inauza mshtuko huo, inaahidi msisimko mkubwa. Mtu anayekimbia ukumbini harudi kesho na rafiki yake, na hii picha watu walirudi, kwa miaka kadhaa ilikuwa inaonyeshwa bado, hata zile kumbi za senti tano zilipoanza nyingi ziliionyesha. Mpinzani wa Edison kule Philadelphia, Siegmund Lubin, akaitengeneza upya yake mwenyewe 1904, tukio kwa tukio, na Porter mwenyewe 1905 akatoa ya kuchekesha yenye watoto na treni ndogo.

La kauboi wa kwanza. Hapana. Edison ilishatoa kipande kifupi cha baa ya Cripple Creek 1899, na kampuni ya Biograph ilitoa Kit Carson mwaka huohuo wa 1903 kabla ya hii. Na nje ya sinema, Buffalo Bill alikuwa anazunguka na onyesho lake la farasi na bunduki tangu 1883, London yenyewe lilifika 1887, kwa hiyo kauboi alishakuwa biashara kabla kamera haijamfikia. Hata jina la hadithi si geni, kulikuwa na igizo la jukwaani la 1896 lenye jina hilohilo. Ila nikwambie kitu ambacho mi naona watu wanakiruka: watazamaji wa 1903 hawakukaa kuangalia mambo ya kale. Sisi tunaona kofia na farasi tunasema hiyo ni zamani za kauboi. Kwao ilikuwa habari! Juni 1899, kule Wilcox jimbo la Wyoming, genge la Butch Cassidy lilisimamisha treni ya Union Pacific, mlinzi wa behewa akakataa kufungua mlango, wakalipua behewa kwa baruti. Miaka minne tu nyuma. Mtu aliyekaa kwenye kiti anaangalia lile sanduku linalipuka alishasoma hayo kwenye gazeti, na kuna uwezekano alifika pale ukumbini kwa treni. Kwa hiyo wao waliiweka fungu moja na picha za uhalifu na kufukuzana, aina ambayo Waingereza walikuwa wanatamba nayo mwaka huo, Frank Mottershaw wa Sheffield alishatoa moja ya wizi wa mchana kweupe. Jina la picha za kauboi kama aina yake peke yake lilikuja kukaa baadaye, na hii ikarudishwa nyuma ikaitwa babu yao.

Na hiyo Magharibi ya Marekani, nchi ya makauboi, unayoiona si Magharibi. Ni New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York. Porini ni hifadhi ya South Mountain kaunti ya Essex, reli ni ya Delaware, Lackawanna and Western, vyumba vya ndani ni studio ya Edison New York, na zilipigwa Novemba 1903, angalia miti isivyo na majani. Na hapa Porter alionyesha ufundi. Kwenye ofisi ya telegrafu angalia dirishani, treni inaingia na kusimama, na kwenye behewa la mizigo mlango uko wazi nje miti inapita. Hakuna kitu nje pale, ni studio. Amepiga chumba huku sehemu ya dirisha ameiziba isipate mwanga, kisha mkanda uleule ameupitisha tena kupiga treni kwenye ile sehemu tu. Ukikosea kidogo umeharibu vyote viwili. Pale juu ya kichwa cha treni nako, mtu anapigwa na makaa, kamera inasimamishwa, mtu anatoka anawekwa mdoli, kamera inaendelea, mdoli anatupwa. Pita fremu kwa fremu utaupata mkato. Na majambazi wanapokimbilia porini kamera inageuka kuwafuata, kitu ambacho picha nyingi za hadithi wakati ule hazikufanya, na mi hapo huwa nahisi kama mtu amegeuza shingo yangu.

Yule abiria anayepigwa mgongoni usimpite bure. Ni G. M. Anderson, jina la kuzaliwa Max Aronson, na humo ndani ndo yeye pia anayechezeshwa dansi kwa kupigiwa risasi miguuni, na yuko kwenye majambazi vilevile. 1907 yeye na George Spoor walianzisha kampuni ya Essanay kule Chicago, S ya mmoja na A ya mwingine, na akaigiza kwa jina la Broncho Billy kwenye picha fupi mamia, steringi wa kwanza wa kauboi kwenye sinema. Yaani steringi ambaye hii picha haikuwa naye, alikuwemo humo humo, amelala kifudifudi kando ya reli. Akafika kupewa Oscar ya heshima 1958.

Porter yeye aliondoka Edison 1909, akaendelea kutengeneza picha mpaka kama 1915 hivi akaacha kabisa, moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Akahamia kwenye kampuni iliyotengeneza projekta za Simplex, na amefariki New York 1941. Alianzia nyuma ya projekta akarudi kwenye projekta.

Fanya hivi mwanangu. Chukua kopi ya dakika 12 yenye Barnes mwishoni, ingiza kwenye programu yoyote ya kuediti ya kwenye simu, kata kile kipande kipeleke mwanzo, halafu waonyeshe wadogo zako ya kwanza na marafiki zako ya pili, angalia nyuso zao wala usiangalie skrini. Hakimiliki ilishaisha muda mrefu hakuna atakayekusumbua, na ruhusa ya kukihamisha ilishaandikwa kwenye katalogi ya 1903.